Bolti ya Nne

Jumatatu, 2 Machi

Kompresa mbili asubuhi, moja mchana. Gesi nimejaza gari nne. Mikono inanuka oili hata baada ya sabuni ya unga. Mvua haijanyesha tangu Ijumaa, joto ni la kukaanga, na kila mwenye gari Mwanza amekumbuka leo kwamba AC yake haipulizi.

Ile ya mchana ndiyo inayonifanya niandike.

Ni Haisi ya Mzee Bwire. Inabeba wagonjwa wa figo kutoka Sengerema, watu saba. Kila Jumanne na Ijumaa inawaleta mjini kusafishwa damu kwenye mashine, jioni inawarudisha. AC ilikufa wiki iliyopita. Wale watu wakitoka kwenye mashine wanakuwa hoi, joto linawamaliza. Nimeweka kompresa nyingine. Inashikwa na bolti nne. Tatu zimekaa vizuri. Ya nne nikaikaza mpaka ikalia, kama tunavyofanya gereji hii siku zote. Bolti haijakaza mpaka ilie. Ikalia. Nikaongeza kidogo. Ghafla mkono ukaenda bure, bolti inazunguka tu, haishiki kitu. Imeua uzi, ile mikato ya ndani ya tundu inayoishika. Pale inapoingia ni aluminiamu, si chuma, haikuhitaji nguvu zote zile.

Ninajua kwa nini niliongeza. Nilipoanza hapa miaka sita iliyopita, kila nilichofunga alikuja mwanaume nyuma yangu kukikaza upya. Tena mbele ya mteja. Eti mkono wa mwanamke. Nikaanza kukaza kuliko wao wote. Siku moja wawili walijaribu kufungua bolti niliyofunga wakashindwa, wakaitana, wakacheka, na tangu hapo hakuna aliyenikagua. Nilivimba kichwa kwa hilo. Mpaka leo.

Njia halali ilikuwa kushusha kompresa, gari lipelekwe kwa fundi wa kuchonga vyuma, atoboe na kupandikiza uzi mpya. Siku nzima, pengine mbili. Bwire amekaa kwenye benchi, kofia magotini, kesho ana wagonjwa. Na mimi niwaite wale wanaume waje waone. Nikachukua karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara ya mlinzi. Nikaizungushia bolti, nikairudisha. Ikashika. Hakuna fundi mji huu ambaye hajawahi kufanya hivyo, lakini kwenye vitu vidogo, kifuniko cha hiki, kishikio cha kile. Kwenye kompresa sijawahi kuona.

Mzee Masanja, mwenye gereji, akapita. Akauliza kama zimekaza. Nikasema zimekaza. Akapita zake.

Jumanne, 3 Machi

Wamesafiri leo. Nimekaa na simu mfukoni siku nzima.

Saa kumi Bwire akapiga. Nilipoona jina lake nikatoka nje kwanza. Kumbe anashukuru. AC inapuliza kama jokofu, wagonjwa wamelala njia nzima, wananiombea. Kuna mama mmoja anaitwa Mama Leticia amesema huyo fundi Suzi Mungu amwongezee. Nikasema amina. Nilikuwa nimesimama nyuma ya choo cha gereji.

Sikula.

Jumatano, 4 Machi

Ngoja niandike kinachoweza kutokea, labda kikiandikwa kitapungua.

Gari lile lina mkanda mmoja. Unazungusha kompresa, pampu ya maji na pampu ya usukani, vyote pamoja. Bolti ya nne ikitoka, tatu zinabeba mzigo wa nne. Kompresa inaanza kucheza. Mkanda unalegea, maji hayazunguki, injini inachemka. Hapo bado ni heri. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mteremko, usukani unakuwa mzito ghafla, na Bwire ana miaka sitini na kitu. Watu saba nyuma. Wengine hata kupanda gari wanashikwa mkono.

Haikupungua. Imeongezeka.

Leo nilikwenda mara mbili mpaka mlango wa ofisi ya Mzee Masanja. Mara ya kwanza ana wageni. Mara ya pili hana wageni. Nikamuuliza kama kuna chupa ya gesi imebaki. Akasema si nimeandika mwenyewe kwenye daftari kuwa zipo tatu. Nikasema ah, kweli. Nikarudi.

Ndani ya ofisi ile, ukutani, ipo spana ya kipimo. Unaiwekea namba ya kitabu, bolti ikifika inapotakiwa spana inagonga tiki, unaacha. Imo kwenye kasha lake toka inunuliwe. Tunasema ni ya wasio na mkono. Na mimi nimesema hivyo, kwa kinywa hiki.

Alhamisi, 5 Machi

Bwire amepiga saa nne asubuhi. Kuna mlio. Kwa-kwa-kwa akiwasha gari, akizima AC unapungua. Anauliza ni kawaida ya kompresa mpya.

Nikamwambia alete gari leo leo. Akasema leo yuko shambani, kesho ni siku ya wagonjwa, ataleta Jumamosi. Nikamwambia ni vizuri zaidi leo. Akacheka, akasema mafundi wa siku hizi wana wasiwasi, basi hatawasha AC mpaka nione. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Mzee, usiliendeshe hilo gari. Sikulisema, kwa sababu angeuliza kwa nini.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa sina uhakika. Nilikuwa na uhakika.

Ijumaa, 6 Machi

Naandika saa tisa mchana, nimekaa kwenye ngazi nyumbani Buswelu, nguo sijabadilisha. Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Niliamka na jibu. Nilikuwa nimewaota wale wagonjwa, hawana nyuso. Saa kumi na moja na nusu nikampigia Bwire, haipokelewi. Akiendesha hapokei simu, ana msimamo huo na ni msimamo mzuri, ila leo ulitaka kuniua. Nikapitia gereji. Mlinzi akanifungulia. Nikachukua soketi zangu na mkanda mfupi, ule tunaofunga gari isiyo na AC. Bodaboda mpaka kivukoni. Daraja kubwa la huko Busisi lipo, lakini Bwire anapenda kupita Kamanga, kivuko kinawashusha mjini moja kwa moja. Kwa hiyo nilijua njia yake.

Nilivuka nimesimama. Ziwa limetulia, watu wanakunywa chai, mtu mmoja ana kuku kwenye tenga. Nilikuwa nawaangalia nikisema kimoyomoyo, hawa hawajui wamebebana na nani.

Kamanga, Haisi haipo. Muda ule huwa imeshafika, inasubiri kwenye foleni. Nikamuuliza mkata tiketi. Akasema wagonjwa wa figo leo wamechelewa, si kawaida yao. Alisema kikawaida tu. Nikachukua bodaboda nyingine kuelekea Sengerema, nikamwambia dereva aende taratibu. Akanishangaa, abiria wote wanataka haraka. Mimi nilikuwa naangalia mitaro.

Kona ya tatu nikaiona inakuja. Inatembea mwendo wa mtu anayetoka kisimani. Madirisha yote wazi. Nikaruka kabla bodaboda haijasimama sawasawa, nikasimama katikati ya barabara na mikono juu.

Bwire akashuka. Shati limemganda mgongoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku ananishangaa, nimefikaje huku. Mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka juu, kwa hiyo akafanya walivyofanya madereva wa zamani, akafungua hita yote ili ivute moto wa injini. Ukashuka kidogo. Ndiyo maana wako hai na injini iko hai. Lakini ndani ya gari mlikuwa kama tanuri. Wagonjwa saba wanaovimba miguu, hawaruhusiwi kunywa maji wanavyotaka, wamepulizwa hita toka nusu ya njia. Mama Leticia alikuwa dirishani, mwembamba, khanga imelowa mabegani. Akasema tuliomba baridi, fundi katuletea jiko. Wenzake wakacheka kidogo. Hawakuwa na nguvu ya kucheka zaidi.

Nikafungua boneti. Tundu la bolti ya nne lilikuwa tupu. Ya tatu nayo imetoka nusu. Kompresa inaning'inia kwa mbili, mkanda umeliwa ubavu mzima, umebaki nyuzi. Sijui kilichoushika.

Bwire akainama karibu yangu akauliza bolti imekwenda wapi.

"Mzee, niliiharibu mimi Jumatatu," nikasema. "Nikaificha na karatasi ya sigara."

Akachukua kitambaa, akafuta shingo.

"Jana uliponiambia nilete gari, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na siku ile nakushukuru?"

"Nilikuwa najua, mzee."

Akakiweka kitambaa mfukoni polepole. Akasema nifanye ninachoweza, watu hawa wanasubiriwa kwenye mashine saa tatu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nikakata mkanda ule, nikafunga ule mfupi unaoiruka kompresa, nikaishusha kompresa nzima na kuiziba mipira yake. Soketi iliniponyoka mara tatu. Bwire akaongeza maji kwenye rejeta injini ilipopoa. Nikiwa naokota soketi mara ya tatu Mama Leticia akaniita. Dirisha lake lilikuwa juu ya kichwa changu, kumbe alisikia yote.

"Binti. Kila Jumanne na Ijumaa tunakwenda kuomba siku tatu nyingine. Wewe ulikuwa unazichezea."

Nikasema naomba mnisamehe mama. Akageuza uso upande wa pili. Wengine wakaangalia chini.

Tulivuka saa nne kasoro. Nilikaa sakafuni karibu na mlango, na kompresa mapajani. Hospitali waliwapokea, wakalalamika, wakawapokea. Mmoja shinikizo la damu lilikuwa limepanda, wakamlaza kwanza wakamwangalia, saa sita ndipo akaunganishwa kwenye mashine. Nilisubiri nje mpaka niliposikia hivyo. Bwire hakuniambia nenda wala kaa.

Gereji sijakwenda. Simu ya Mzee Masanja nimeiacha ilie. Nimeogopa ajali siku nne. Ajali haikutokea, na bado naogopa.

Jumamosi, 7 Machi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo kwa mambo ya kidonda. Nimekwenda kwa Mzee Masanja saa moja na nusu, kabla hajafungua kufuli.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Karatasi ya sigara, simu ya Alhamisi, hita, kila kitu. Aliendelea kushika funguo. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi, sikujua kuwa masikio ya mtu mzima hufanya hivyo. Akaniuliza nani alinifundisha kukaza mpaka ilie.

"Ni wewe, mzee."

Gari za watu zinaanza kuingia uwanjani, anawapungia mkono wasubiri.

"Basi waliokosea ni wawili," akasema. "Lakini aliyesema zimekaza ni mmoja."

Halafu akanipa hukumu. Haisi iletwe, itengenezwe kwa uzi mpya. Nitaifunga mimi, na spana ya kipimo. Na kuanzia leo kila bolti nitakayofunga itakaguliwa na mtu mwingine, mbele ya mteja. Ni kitu kile kile nilichopigana miaka sita kisinipate. Akakitamka kama anaagiza chai.

Wanaume walikuwa wameshajua kufikia saa tano. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikwenda kwenye gari alilofunga jana, akafungua boneti, akasimama akiliangalia. Mwingine naye akaenda kwenye lake.

Nimeumia. Pia nimelala mchana saa mbili nzima bila kuota.

Jumapili, 8 Machi

Kanisani. Sikuweza kuimba. Wimbo wa kuomba ulinzi safarini, eti leo ndio wameuchagua. Nimerudi nikafua maovaroli.

Jumatatu, 9 Machi

Bwire ameleta gari mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia, basi. Fundi wa kuchonga vyuma alimaliza uzi mpya saa saba, kazi safi, ukiingiza bolti kwa vidole inateleza mpaka chini.

Mzee Masanja akatoa lile kasha. Ikabidi afute vumbi kwa mkono wa shati. Kitabu kinasema ishirini na tano. Nikaweka ishirini na tano. Wote wakaja kusimama, hata mlinzi. Bolti ya kwanza, nikavuta, tiki. Nilidhani spana ni mbovu. Ilikuwa laini mno. Mkono wangu wote ulikuwa bado una nguvu ndani, unataka kuendelea, mpaka bega. Nikauliza ni kweli hapa ndipo mwisho. Mzee Masanja akasema kitabu kimesema. Nikaacha. Ya pili nikaifunga kwa mshazari na ya kwanza, halafu ya tatu, halafu ya nne. Tiki. Kuacha pale kulinitoa jasho kuliko kukaza kokote nilikowahi kukaza. Nilihisi nimefunga kitu nusu, na kwamba nitaua watu kwa kutofika.

Ndipo nikahesabu kichwani. Miaka sita, mikono hii. Kompresa ngapi ziko barabarani huko zimekazwa mpaka zikalia, na aluminiamu yake imechoka, inangoja. Nimemwambia Mzee Masanja. Akasema na yeye amewaza hivyo toka Jumamosi. Kesho kutwa tunaanza kuwapigia wateja, mmoja mmoja. Wengine watatukimbia. Akasema wakimbie wakiwa hai.

Akanikagulia mwenyewe bolti zote nne, mbele ya Bwire. Nilisimama kando nikatazama mti wa jirani.

Bwire akaingia garini, akawasha, akasikiliza. Kisha akatoa kichwa dirishani. Mama Leticia ametuma neno, alisema. Hawapandi mpaka fundi apande. Kwenda na kurudi, na AC ikiwa imewashwa.

Nimesema ndiyo. Naogopa mpaka meno.

Jumanne, 10 Machi

Nilivuka kwa kivuko cha jana jioni, nikalala kwa dada ya Bwire Sengerema, ili nianze nao alfajiri. Wamenipa kiti cha katikati, karibu na Mama Leticia. Hakuna aliyenisema. Hakuna aliyenisemesha pia.

Kwenda nilisikiliza injini tu. Kila kona nilikuwa nimeshika kiti cha mbele. Mvua ilinyesha kidogo, vioo vikapata ukungu, Bwire akaiongeza AC ikavikausha. Mshale wa joto ulikaa katikati, haukusogea hata kidogo. Kamanga nikashuka, nikafungua boneti, nikatazama kwa tochi. Nne. Mama mmoja nyuma akauliza ziko ngapi. Nikasema nne. Akasema haya.

Mjini niliwasubiri kwa muda wa saa tano kwenye ukumbi wa hospitali. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu anayetoka kwenye ile mashine. Wanatoka kama nguo iliyokamuliwa. Mama Leticia alitembea kwa kushika ukuta, halafu ukuta ukaisha, akanishika mimi. Hakuniangalia. Alishika tu.

Kurudi wote walilala. Baridi inapuliza polepole, Bwire amepunguza. Baada ya Kamanga kichwa cha Mama Leticia kikaanguka begani kwangu, kikateleza, kikatulia kwenye mkono wangu wa kulia. Chepesi sana. Nilikuwa nataka kuisikiliza injini, lakini nilikuwa namsikia yeye anavyopumua.

Mkono ulikufa ganzi kabla ya nusu ya njia. Sikuuondoa mpaka Sengerema.